Miti Iliyokuzwa kwa Sheria

Iko nchi moja ya milima na ukungu ambayo wenyewe huiita Nchi Yetu. Viongozi wake hulitamka neno "Yetu" kwa mkazo, na wananchi, kwa sababu zisizojulikana, kila wakilisikia hushika mifuko yao. Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Miti, Mbao na Matumaini. Miti ilikuwa michache na mbao zilikuwa chache zaidi, lakini matumaini yalivunwa kila msimu bila kupandwa.

Katika wizara hiyo alifanya kazi bwana mmoja aitwaye Lutengano, mwenye miaka arobaini na mitatu, mpole, asiyependa kelele. Kazi yake ilikuwa kukagua miti ya shamba la serikali la Igalamu. Alikuwa na vyombo viwili. Cha kwanza kilikuwa kekee nyembamba ya kutoboa shina la mti na kutoa kijiti cha unene wa penseli; humo alihesabu pete, na kila pete ni mwaka mmoja wa mti. Cha pili kilikuwa nyundo ya chuma yenye namba 17 usoni. Gogo likishapigwa nyundo ile, limethibitishwa: limekomaa, linafaa kujengea nyumba ya mtu.

Igalamu palikuwa na misindano, ile miti mirefu ya majani kama sindano, iliyopandwa miaka tisa nyuma. Msindano wa mbao huhitaji miaka ishirini na mitano. Misindano mikubwa ya zamani ilikuwa imeondoka pamoja na mawaziri wa zamani, na hadi leo haijulikani nani alimfuata mwenzake.

Basi wanunuzi wa ng'ambo wakaandika kwamba wanataka mbao za Nchi Yetu, shehena ya meli nzima, ila ziwe za miti ya miaka ishirini na mitano. Waziri, Mheshimiwa Chambulilo, aliisoma barua ile akatabasamu. Siku ya pili alisimama bungeni.

"Waheshimiwa," alisema, "mpaka lini mti wa Nchi Yetu utakua kwa kasi ya kikoloni? Tumejitawala. Sasa na miti yetu ijitawale!"

Wabunge walipiga meza mpaka moja ikavunjika, ilikuwa mpya. Ikapitishwa Sheria ya Umri. Kuanzia siku hiyo, kiumbe yeyote aliye chini ya Wizara angehesabiwa mwaka mmoja kwa masika, mwaka mmoja kwa kiangazi, na mwaka mmoja kwa Sherehe za Uhuru, kwa sababu ya furaha. Tisa mara tatu ni ishirini na saba. Ile miaka miwili iliyozidi, Waziri alisema, ni zawadi kwa mnunuzi. Mbunge mmoja wa upinzani aliuliza iwapo sheria hiyo inawahusu na mbuzi. Akatolewa nje, na mpaka leo swali lake linafanyiwa kazi.

*

Lutengano alitoboa mti wa kwanza mbele ya Katibu Mkuu, Bwana Malekano, mtu mwembamba aliyevaa tai hata msituni. Akakifuta kijiti kwa kidole, akahesabu.

"Tisa," alisema.

"Hesabu tena."

"Ni tisa, mkuu. Hii nyembamba ni ya mwaka ule wa ukame. Ukiangalia hapa utaiona."

Bwana Malekano hakuangalia. Alimshika bega kama mtu anayempa pole mfiwa.

"Lutengano, pete ni maoni ya mti. Sheria ni maoni ya Bunge. Wewe umeajiriwa na nani?"

Lutengano alisimama pale na kijiti chake mkononi. Alijua jibu, na alijua pia kwamba kuna vijana sita katika ofisi ya masijala waliokuwa tayari kuipokea ile nyundo kabla haijapoa. Gogo la kwanza alilipiga kwa mkono mzito. La kumi, mkono ulikuwa umepungua uzito. La mia alilipiga huku akizungumza na dereva wa trekta habari za mpira, na hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye kuliko yote: kwamba kwenye gogo la mia alicheka.

Alikuwa na faraja yake moja. Mbao hizi, alijiambia, zinakwenda mbali. Zikianguka, zitawaangukia watu nisiowajua majina.

Akapandishwa cheo kuwa Mhakiki Mkuu wa Ukomavu. Akapewa ofisi yenye pazia.

*

Mbao changa zina tabia moja: zikikauka hujikunja. Meli ilipofika ng'ambo na milango kufunguliwa, mbao za Nchi Yetu zilikuwa zimejisokota kama mikia ya nguruwe. Wanunuzi wakazirudisha zote na barua ya mistari mitatu. Wizara ikaifafanua barua hiyo kwa wananchi redioni: kwamba wageni wameguswa mno na ubora wa mbao zetu, wakaona ni dhambi wao kuzifaidi kabla ya wenye nchi.

Kwa hiyo mbao zikagawiwa bure. Ziliitwa Mbao za Upendo. Ziliwekwa kwenye mabanda na mawe juu yake ili zinyooke, na zile zilizokubali kunyooka zikapelekwa vijijini kuezekea zahanati.

Miongoni mwa vijiji hivyo kilikuwa Ikolela, na mkunga wa zahanati ya Ikolela alikuwa Tusekile, dada yake Lutengano.

Inafaa tumjue dada huyu. Mama yao alipofariki, Lutengano alikuwa na miaka minne na Tusekile kumi na mitano. Alimbeba mdogo wake mgongoni hadi watani wake wakasema atakayemwoa itabidi awabebe wote wawili, maana Tusekile alichelewa kuolewa kwa ajili ya mtoto asiyekuwa wake. Alimsomesha. Yeye mwenyewe alijifunza ukunga akiwa mtu mzima, na kwa miaka ishirini na miwili nusu ya watu wa Ikolela walianza kuishi mikononi mwake.

Siku ya kuzindua wodi mpya ya wazazi Waziri alikuja na msafara. Alikata utepe, akahutubia juu ya uzazi, jambo ambalo alisema analijua kwa kuwa naye alizaliwa. Lutengano alikuwa nyuma yake, ndani ya suti. Wakati watu wanapiga makofi, alinyanyua macho juu. Dari lilikuwa bado. Kenchi, ile mifupa ya paa, zilionekana wazi, na kwenye mbao ya katikati kabisa palikuwa na alama ya nyundo: 17. Kando yake msumari ulikuwa umeanza kutoka kichwa, kama mtu anayechungulia.

Tusekile alimshika mkono mbele ya akina mama wote.

"Mnaiona namba ile? Basi ni ya huyu. Ni mdogo wangu tumbo moja. Namba ile iko juu ya vitanda vyangu, nami nikiiona hata mvua ikinyesha sina wasiwasi."

Akina mama wakapiga vigelegele. Lutengano aliinamisha kichwa, na watu wakasema: ona cheo chote kile, na bado ana adabu.

Alikuwa na nafasi ya kusema wakati wa chakula, akala. Alikuwa na nafasi wakati wa kuagana, akaaga.

*

Paa la Ikolela lilianguka siku ya Jumanne, saa nane mchana, katika mvua za mwezi wa nne. Wodini walikuwamo wanawake wanne. Tusekile alisikia mlio juu kama wa kuni inayoshika moto. Aliwatoa wawili kwa kuwavuta mikono na wa tatu kwa matusi. Wa nne, Sekela, alikuwa katika uchungu, hawezi kunyanyuka. Tusekile akamlalia.

Mdogo wake Sekela, msichana wa miaka kumi na tisa aitwaye Tumpe, alikuwa ameleta uji wa dada yake. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni na kibuyu. Mbao ya katikati ilimpata yeye.

Mtoto wa Sekela alizaliwa dakika chache baadaye chini ya mabati, mzima, akilia. Mkono wa kulia wa Tusekile ulisagika vidole vitatu. Tumpe alizikwa Alhamisi.

Wizara ilisikitika sana, na ikaunda Tume. Tume ilikuwa na watu watano, wanne kati yao wakiwa wataalamu wa tume. Walifika Ikolela, wakapima upepo uliokwisha kupita, wakawahoji majirani kama paa lilikuwa na maadui. Siku ya tatu wakagundua kamba nne nyembamba zikining'inia kwenye vipande vya kenchi. Zilikuwa kamba za vyandarua vya mbu.

"Hapa ndipo penyewe," alisema mwenyekiti.

"Chandarua ni chepesi, mwenyekiti," alisema mjumbe wa tano, aliyekuwa mgeni katika kazi ya tume.

"Kimoja, ndiyo. Hivi vilikuwa vinne. Tena vyenye dawa."

Ripoti ikaandikwa: paa lilielemewa na vyandarua vilivyofungwa kinyume cha utaratibu. Ilibaki saini ya mtaalamu wa mbao, na Bwana Malekano aliileta mwenyewe katika ile ofisi yenye pazia.

Lutengano aliisoma mara mbili. "Mkuu, aliyefunga vyandarua ni dada yangu."

"Ripoti haimtaji dada yako. Inataja vyandarua."

"Lakini watauliza ni nani aliyevifunga."

"Wakiuliza, hilo ni swali la Wizara ya Afya. Sisi ni miti." Bwana Malekano alimsukumia kalamu. "Usiposaini, itabidi tuanze upya. Tutaangalia kenchi. Na kwenye kenchi, ndugu yangu, kuna namba."

Nje ya dirisha mtunza bustani alikuwa akimwagilia mche wa msindano uliopandwa na Waziri, uliokwisha kukauka. Lutengano alimtazama mtu yule akimwagilia kijiti kikavu kwa bidii, kisha akasaini.

*

Barua ya kumfukuza kazi Tusekile ilianza kwa kumshukuru. Lutengano alikuwa amekwenda kumwona, na kwa vile mkono wa dada yake ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, yeye ndiye aliyeifungua bahasha na kumsomea.

Alitegemea ghadhabu. Njia nzima alikuwa ameandaa maneno ya kuipokea ghadhabu hiyo. Tusekile alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Na wewe umesaini?"

"Nimesaini, dada."

Akatikisa kichwa taratibu. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Basi ni kweli. Nilikuwa najiambia labda wananisingizia. Lakini kama wewe umesaini, basi ni kweli, wewe ndiye mjuzi wa mbao. Nilizifunga zile kamba kwa mkono wangu huu. Nimemuua mtoto wa watu kwa vyandarua, Lutengano."

Hapo ndipo mtu angesema. Wewe unayesikiliza ungesema. Lutengano alimimina maji kwenye kikombe akampa dada yake, akamshikia kikombe wakati anakunywa, kisha akapanda gari la serikali akarudi mjini.

Tusekile alianza desturi mpya. Kila Jumamosi asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda kilima hadi nyumbani kwa Sekela, akapiga magoti mlangoni. Alisema: nimekuja kuomba radhi. Sekela hakumfukuza, wala hakumkaribisha. Alikuwa akimnyonyesha mtoto huku akitazama ukuta. Baada ya muda Tusekile alinyanyuka, akashuka kilima. Jumamosi ya pili alirudi. Watoto wa kijijini wakaanza kumwita Mama Chandarua.

Lutengano alilisikia jina hilo Jumamosi ya sita, alipokuja na mchele na sukari, vitu ambavyo mtu hupeleka akiwa hana anachoweza kusema. Alimkuta dada yake akirudi kilimani, magoti yana vumbi jekundu. Watoto wawili walikuwa wakimfuata kwa mbali wakiimba. Tusekile hakuwakemea. Aliwazalisha wote wawili.

Lutengano aliuweka mfuko wa mchele chini, palepale njiani.

"Dada, siyo vyandarua."

"Usinifariji."

"Siyo vyandarua. Mbao zilikuwa changa. Za miti ya miaka tisa. Nilitoboa, nikahesabu, nikaona tisa, nikapiga nyundo. Siku ya uzinduzi ule msumari niliuona umeanza kung'oka. Nikala wali wako nikaondoka."

Tusekile alimtazama kama anayemtafuta mtu katika kundi la watu.

"Wiki sita," alisema. "Wiki sita nimepiga magoti mbele ya mtu aliyefiwa, nikambebesha na machozi yangu juu ya yake. Na wewe ukawa unaniletea sukari."

"Dada..."

"Usiniite hivyo sasa hivi." Alivuta pumzi. "Andika. Waandikie hao uliowasainia. Siwezi kurudi kwenye mlango ule na maneno matupu, watasema nimeanza kutafuta visingizio. Lete karatasi inayosema ukweli, kisha tutakwenda."

*

Lutengano aliandika kurasa tatu. Alitaja kekee, pete tisa, nyundo, gogo la mia, msumari, saini. Aliambatisha na kijiti chenyewe, kile cha mti wa kwanza, ambacho kwa sababu asiyoijua hakuwa amekitupa. Akaipeleka barua kwa mkono wake hadi masijala, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na wale vijana sita wakaisoma kwa zamu.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na mbili, jambo ambalo Wizara ilijisifu kwalo kama rekodi.

"Ndugu," ilisema barua, "Wizara imepokea barua yako na kuipitia pamoja na jalada lako. Kwa mujibu wa Sheria ya Umri, inayowahusu viumbe wote walio chini ya Wizara, imebainika kwamba wewe una umri wa miaka mia moja ishirini na tisa. Wizara inakupongeza kwa utumishi mrefu, na inastaajabu kwamba bado unaweza kushika kalamu. Unastaafishwa kuanzia leo. Kuhusu hayo unayodai kuyakumbuka, Wizara inaelewa kwamba katika umri huo kumbukumbu huchanganyikana, na inakutakia mapumziko mema. Ripoti ya Tume inabaki kama ilivyo. Kijiti ulichotuma kimepokelewa na kimetumika kukorogea chai."

Nyundo ilichukuliwa na kijana wa kwanza katika foleni. Siku hiyohiyo, wasemavyo, alithibitisha magogo mia nne.

Lutengano alirudi Ikolela kwa basi, suti ndani ya mfuko wa plastiki. Dada yake aliichukua barua, akaisoma mwenyewe kwa shida, akiishikilia kwa vidole viwili vilivyobaki mkono wa kulia. Alipofika kwenye miaka mia moja ishirini na tisa midomo yake ilicheza kidogo, karibu icheke. Kisha akaikunja.

"Karatasi haikuja," alisema.

"Haikuja."

"Basi twende bila karatasi."

Walipanda kilima. Jua lilikuwa kali na njia ilikuwa imejaa watu wanaotoka sokoni. Kila aliyewasalimia, Tusekile alimjibu, na Lutengano alishindwa kuinua macho. Alikuwa akijipangia maneno: shinikizo, maagizo kutoka juu, mazingira ya kazi. Walipofika langoni kwa Sekela, Tusekile alisimama.

"Hapa nimeingia peke yangu mara sita. Leo ingia wewe."

Sekela alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka, mtoto mapajani. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko Lutengano alivyomfikiria. Alimtazama mgeni, akamtazama na Tusekile aliyebaki langoni, akangoja.

Maneno yote aliyokuwa ameyapanga yalimkimbia. Alipiga magoti kwenye udongo.

"Mimi ni Lutengano. Mbao iliyomuua Tumpe ilikuwa na namba yangu. Haikuwa imekomaa. Dada yangu hana kosa, vyandarua havina kosa. Nilisaini uongo."

Mtoto alikuwa akivuta ncha ya khanga ya mama yake. Sekela aliiachia.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kabla hawajaezeka?"

Alitamani swali liishie hapo.

"Kabla mti haujakatwa," alisema.

Sekela aliitazama mikono ya mtu yule, ambayo haikuwa na jeraha lolote. Kisha alinyanyuka na mtoto wake, akampita Lutengano pale alipopiga magoti kama mtu anavyopita jiwe, akaenda hadi langoni.

"Mama," alimwambia Tusekile, "kwa nini umesimama juani?"

Akamshika ule mkono wenye bandeji, polepole, akamwingiza ndani ya ua. Akamketisha kwenye mkeka, akamweka mtoto mapajani mwake, naye akaketi ubavuni. Tusekile aliinama juu ya mtoto, mabega yakaanza kumtikisika, na Sekela akamwekea mkono mgongoni. Baadaye aliingia jikoni, akatoka na vikombe viwili vya uji.

Lutengano alibaki palepale kwenye udongo. Hakuna aliyemwambia anyanyuke, na hakuna aliyemwambia aende zake.